Namba Thelathini na Moja

Meno yangu ni ya kahawia. Nalisema mapema ili tusisumbuane. Sijawahi kuvuta sigara, na ugoro niliuonja mara moja tu, kwa bibi, nikapiga chafya mpaka machozi yakanitoka. Rangi hii ni ya maji ya kwetu, Maji ya Chai, ambako mto wenyewe unapita na rangi ya chai isiyo na maziwa, na kila aliyekua akinywa maji yale anatembea na kitambulisho mdomoni. Kijijini kwetu mtu mwenye meno meupe ama alikuwa mgeni, ama yalikuwa ya bandia.

Nayataja meno kwa sababu ndiyo yaliyonikutanisha na baba yangu upya, wakati nikiwa nimeajiriwa kuhesabu damu za wavuta sigara.

Nilikuwa fundi wa maabara katika hospitali moja ya mjini Arusha, nimepanga chumba Sakina, kando ya barabara ya Nairobi, mahali ambapo usingizi wa asubuhi uliishia pale fundi wa kwanza alipopiga nyundo kwenye bodi ya basi. Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara imefunguliwa. Maduka ambayo utotoni mwangu yalikuwa na rafu tupu na muuzaji mkali, sasa yalijaa mpaka milangoni: sabuni za kila harufu, redio, makoti ya mitumba, na sigara za kigeni kwenye pakiti zinazong'aa. Pale kituoni Sakina mabinti waliovalishwa kofia za kampuni waligawa sigara bure kwa mafundi na madereva. Mama aliyeuza machungwa nje ya geti la hospitali alijikinga jua kwa mwavuli wa kampuni ya sigara. Na aibu yetu wenyewe ni kwamba kalenda iliyoning'inia ndani ya maabara ilikuwa ya kampuni hiyohiyo. Nyingine hatukuwa nayo.

Siku moja akaja daktari kutoka Moshi, mwembamba, mwenye haraka, akauliza nani anaweza kuhesabu chembe nyeupe za damu kutwa nzima bila kunung'unika. Wenzangu wote walinitazama mimi. Si kwamba sinung'uniki. Ni kwamba hawakuitaka kazi ile.

Daktari alikuwa na swali moja. Kwamba wavuta sigara wanakufa zaidi kwa ugonjwa wa moyo kuliko wengine, hilo lilishajulikana. Yeye alitaka kujua chembe nyeupe, wale askari wa mwili, wana mkono gani katika shauri hilo. Alipoona nimekunja uso, akaniuliza:

"Dada, kwenu sungusungu mnao?"

"Tunao."

"Wakiamshwa kila siku na mwizi hayupo, inakuwaje?"

"Kwanza wanakamata walevi," nikamwambia. "Halafu wanaanza kusumbua wake za watu."

Akacheka mpaka akashika meza. "Basi ndiyo hivyo. Moshi ukiingia kifuani kila siku, mwili unaita sungusungu. Wanakuwa wengi kwenye damu, kazi hawana, wanaanza kuharibu kuta za mishipa ya moyo, nyumba ileile waliyopewa kuilinda. Ndivyo ninavyodhani. Sasa wewe nihesabie."

Nikahesabu. Naikumbuka kazi ile kwa mapenzi ambayo sikuwa nayo wakati naifanya. Umeme ulikuwa wa mgao, kwa hiyo tulitumia hadubini ya zamani yenye kioo chini, unakigeuza kuelekea dirishani mpaka mwanga wa jua uingie. Dirisha letu lilitazama Mlima Meru. Wingu likishuka na kukaa begani mwa mlima, kazi inasimama, tunakunywa chai. Wingu likiondoka, nainama tena. Kwanza naweka tone la damu kwenye kioo chenye miraba, nahesabu chembe nyeupe zote. Halafu napaka tone jingine kwenye slaidi, nalipaka rangi, nakaa kutazama aina zake moja moja, zote za zambarau, nikibonyeza vitufe vya mashine ndogo ya kuhesabia, tik, tik, tik. Mpaka leo nikisikia mtu anabofya kalamu kwenye kikao, kidole changu kinacheza chenyewe.

Kila mtu aliyetoa damu alikuwa na fomu, na fomu ilikuwa na namba badala ya jina. Orodha ya majina daktari aliifungia kabatini. Swali kubwa katika fomu lilikuwa: unavuta sigara? Visanduku viwili tu: ndiyo, hapana.

Hapo ndipo meno yalipoingia. Wiki ya kwanza alikuja mzee mmoja wa huku kwetu, mkulima wa kahawa, akasema havuti. Daktari akamchungulia mdomo.

"Mzee wangu, kwa meno haya unaniambia huvuti?"

Yule mzee akachukua kofia yake. Mimi nikaacha hadubini, nikasimama mbele ya daktari, nikafungua mdomo wote.

"Haya, na mimi niandike navuta."

Kwao Moshi maji ni meupe na meno ni meupe, angejuaje? Aliona haya vibaya sana. Alimwomba mzee radhi, akamrudisha kitini, na tangu siku hiyo ikawa kanuni: mtu wa upande wa Meru haangaliwi meno, linachukuliwa neno lake. Kanuni hiyo niliitunga mimi, na nilijivuna nayo.

Wavuta sigara tuliwapata kwa urahisi, mafundi na madereva wa Sakina walitutosha. Shida ikawa wanaume wazima wasiovuta. Nikasema, kwa kiherehere changu, kwamba nawajua wengi. Kanisani kwetu kuna wazee wa kanisa kumi na zaidi, na hakuna hata mmoja anayegusa sigara. Baba yangu ni mmoja wao.

Baba alikuwa amevuta, zamani. Nilipokuwa mdogo nilitumwa dukani kumnunulia sigara mojamoja, na siku za mvua nilizifunga kwenye jani la mgomba zisilowe. Koti lake lilinuka tumbaku na kahawa mbichi. Nilikuwa nikilala nalo akisafiri. Kisha ikaja juma moja la uamsho, mahubiri ya moto, baba akasimama mbele ya kanisa zima, akatoa pakiti mfukoni, akaikanyaga kwa kiatu. Kanisa lilipiga makofi na vigelegele mpaka mbwa wakabweka nje. Mwaka uliofuata wakamchagua mzee wa kanisa. Mimi nilikuwa chuoni, nikaandikiwa barua, nikalia kwa furaha. Nililililia na koti pia, kidogo.

Daktari akaja kanisani kwetu Jumapili moja, mchungaji akatangaza, na baada ya ibada tukaweka meza nje. Baba alikuwa wa kwanza kukunja mkono wa shati, ili wengine wasiogope. Mchungaji alisimama pembeni, akinamama wa kwaya nyuma yake.

"Shikamoo mzee. Unavuta sigara?" daktari akauliza, kalamu mkononi.

"Mimi ni mzee wa kanisa," baba akajibu.

Daktari akaweka alama kwenye kisanduku cha hapana. Sikuona neno lolote. Nilikuwa nimeshika sindano, nautafuta mshipa wa baba mbele ya watu wote wale.

Baadaye tulikwenda nyumbani kunywa chai. Mama alihangaika kutafuta kiberiti cha kuwashia jiko.

"Viberiti vya siku hizi vya ruksa!" akalalamika. "Nanunua Jumatatu, Alhamisi kimekwisha. Zamani kiberiti kilikaa."

Baba akamwambia daktari kwamba hata misumari ya siku hizi inapinda. Wakaongea vitu vya zamani na vitu vya sasa mpaka chai ikaisha. Tulimsindikiza daktari barabarani, na tukirudi kupanda kilima, baba alisimama mara tatu kunionyesha Mlima Meru. Nikawaza, baba ameanza kuupenda mlima uzeeni.

Siku chache baadaye nikafika kwenye namba thelathini na moja. Fomu ilisema havuti. Kioo cha miraba kilisema vingine. Chembe nyeupe zilikuwa nyingi kama za fundi wa Sakina mwenye pakiti nzima kwa siku. Nikarudia. Nikarudia tena wingu lilipoondoka. Nikampelekea daktari.

"Labda ana malaria, au jino limeoza," akasema. "Arudiwe baada ya wiki mbili, na uulize fomu yote upya." Akafungua kabati kuangalia ni nani. Kisha akafunga mlango wa ofisi, akanigeuzia orodha. Nikasoma jina la baba yangu.

Nilijipa moyo kwa malaria. Nilimpa malaria baba yangu kwa wiki mbili nzima, nikampa na jino, nikampa na minyoo. Lakini kila nikilala nilimwona anasimama kilimani. Mara tatu. Kilima kile utotoni mwangu alikipanda na mzigo wa majani kichwani na mimi mgongoni.

Nilikwenda Jumamosi mchana. Mama alikuwa anatwanga. Nikauliza baba yuko wapi, akanionyesha banda kwa mdomo. "Anafukuza nzi. Siku hizi nzi wa ng'ombe wake hawaishi."

Tulikuwa na ng'ombe wawili wa maziwa waliolishwa bandani, na ni kawaida kufukiza kinyesi kikavu ili nzi waondoke. Moshi wake ni mzito, unapanda kwa uvivu. Nilipoingia, baba alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, mkono wa kulia nyuma ya mgongo. Na nyuma ya mgongo huo ulipanda moshi mwingine, mwembamba, ulionyooka, ukaniletea harufu ya koti.

Nakiri kitu ambacho sijawahi kukisema. Kabla ya hasira, nilifurahi. Kwa nukta moja nilikuwa na miaka saba.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Nafukuza nzi."

"Naona baba."

Ng'ombe akapiga mkia. Hasira ikanijia sasa, ya kweli. Nilimkumbuka mchungaji, makofi, barua ile niliyoililia. Nikamkumbuka na daktari niliyemfundisha kuamini neno la mtu wa Meru. Lakini ningesema nini? Kwetu binti hamwulizi baba yake swali la namna ile. Angekuwa kaka yangu, labda. Mimi hapana. Nikasimama na mfuko wangu wa sindano kama mtu aliyepotea njia.

Ndipo nikakumbuka kwamba binti haulizi, lakini fomu inauliza. Nikavuta ndoo nyingine, nikaketi, nikatoa karatasi, nikageuza sauti ikawa ya kazini.

"Namba thelathini na moja. Umri?"

"Unaujua."

"Nauliza kila mtu, mzee."

Sikumwita baba. Aliligundua hilo, aliniangalia, akakaa sawasawa. Akataja umri. Nikaendelea kushuka mistari, kazi, chakula, homa.

"Kifua kinabana ukipanda kilima?"

"Kinabana," akasema. "Kuanzia kule kwenye mparachichi."

"Unavuta sigara?"

Nzi walikuwa wengi kweli, lazima niseme. Baba alijikohoza.

"Karatasi hiyo ataisoma nani?"

"Daktari na mimi. Jina halipo."

"Mchungaji?"

"Hapana."

Akautoa mkono nyuma ya mgongo, akazima kipisi kwenye udongo, taratibu, akakifukia kwa kidole cha mguu.

"Basi andika. Namba hiyo inavuta."

"Na baba yangu?"

"Baba yako ni mzee wa kanisa."

Nikaandika. Nikamtoa damu palepale, mshipa ulionekana vizuri safari hii. Nilipomaliza nikasema, bado kwa sauti ya fomu, kwamba wote wanaovuta daktari huwaambia waache, kwa sababu moyo hautoi taarifa mara mbili.

"Nimesikia," baba akajibu. "Huyo namba nitamfikishia."

Hivyo ndivyo tulivyopata lugha. Nikija nyumbani mwisho wa mwezi, tukimaliza salamu, nauliza: "Namba thelathini na moja anaendeleaje?" Baba anajibu bila kutikisika: "Yuko kwenye tano kwa siku." Mwezi mwingine: "Tatu, ila juzi palikuwa na msiba, alianguka." Mwezi mwingine tena: "Mbishi sana yule. Anasema akiacha ataongea na nani bandani." Nilimletea pipi za tangawizi za kumpelekea mgonjwa huyo. Mara moja tulikuwa mezani na mama akaingilia:

"Huyu mgonjwa wenu wa namba, ana familia?"

Baba akapaliwa na chai.

"Anayo," nikasema.

"Basi namwombea," mama akasema, akatuongezea viazi.

Ilichukua miezi minane. Mwezi wa nane nilimkuta baba barabarani, ameshuka mwenyewe kunipokea mfuko. Tulipanda kilima. Alisimama mara moja tu, pale kwenye mparachichi, na safari hii hakusingizia mlima.

"Yule amekufa," akasema.

"Nani?"

"Namba. Wiki ya tatu leo. Nimemzika bandani." Akakunja mkono wa shati, katikati ya njia, watu wanapita na ndizi zao. "Hesabu uone."

Nilimpeleka bandani kwanza, nikamtoa damu huko. Niliondoka na kichupa kimoja mkobani, na Jumatatu niliomba Mungu aondoe wingu mlimani, ombi la kijinga kuliko yote niliyowahi kumpelekea. Wingu likaondoka saa nne. Nikahesabu. Nikarudia. Sungusungu wale walikuwa wamepungua, si wote, lakini walipungua kiasi cha kuonekana. Nikaweka kichwa juu ya meza nikalia, wenzangu wakadhani nimefiwa.

Daktari aliposikia akasema huyu mtu amemharibia hesabu mara mbili, kwanza kwa kudanganya, pili kwa kuacha. Fomu yake haikuwa na mahali pa kuweka aliyeacha. Akachukua kalamu, akaandika pembeni, kwa mkono, neno moja: ameacha. Kisha akaniambia nimpe mzee pongezi zake.

Jumamosi nikaenda kuzitoa. Na hapo bandani ndipo liliponiingia akilini jambo ambalo baba alikuwa ameshalijua miezi yote ile. Hakuna atakayempongeza. Kanisa zima lilishampigia makofi kwa kuacha sigara; huwezi kuwaambia watu wapige tena. Siku alipoacha kweli, alikuwa na mimi tu, na ng'ombe wawili. Nikaweka mkoba chini nikampigia makofi peke yangu mpaka ng'ombe mdogo akaruka. Baba aliangalia chini, akitabasamu na meno yake ya kahawia.

Utafiti wenyewe uliisha fedha zilipoisha. Daktari alikwenda kusoma mbali. Aliniandikia barua moja kwamba hesabu zangu zilielekea pale alipodhani, wavutaji walikuwa na askari wengi kuliko wasiovuta, lakini ili kujua habari ya moyo ilitakiwa kuwafuata watu kwa miaka mingi, na miaka hiyo hakuna aliyeilipia. Maabara ikapata mashine inayohesabu yenyewe. Mimi nikachukua slaidi tatu za namba thelathini na moja, nikazifunga kwa pamba ndani ya kopo la kahawa. Ninazo mpaka leo. Rangi imefifia, ila ukizielekeza dirishani unamwona.

Baba aliishi miaka mingi baada ya hapo, akaona wajukuu, akapanda kilima kwa hatua zake. Alipofariki ulikuwa ni uzee, na moyo uliochoka kwa haki. Kanisa lilijaa. Mchungaji mpya, aliyemjua kwa kusimuliwa, alieleza jinsi marehemu alivyoikanyaga pakiti mbele ya madhabahu, na jinsi Bwana alivyomwondolea sigara siku moja tu.

Siku moja! Damu ilinipanda. Haikuwa siku moja. Ilikuwa miezi minane, niliihesabu mimi. Nilitaka kusimama niseme kwamba mnamsifia jambo rahisi, na lile gumu hamlijui. Nilishaanza kuinuka kwenye benchi.

Mama akanishika mkono, akanikalisha. Hakunitazama, macho yake yalikuwa kwenye jeneza.

"Tulia mwanangu," akanong'ona. "Nilikuwa nahesabu njiti kila jioni."

Nikamgeukia.

"Halafu kiberiti kimoja kikakaa wiki tatu," mama akasema. "Nikaacha kumwombea mgonjwa wenu, nikaanza kumshukuru Mungu."